Kusoma tofauti za udongo kwa sumaku na sura ya ardhi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu wanayarudia kila siku, kuanzia wanaosikia habari hizi leo mpaka waliokwisha kuchora ramani na sasa wanakuna kichwa. Nimeyapa namba ili nisirudie rudie, kwa hiyo ukiona "angalia swali la 6" we nenda tu huko.

## Mwanzo kabisa

1. Hivi udongo una sumaku kweli au ni maneno tu?

Unayo, sema ndogo. Chukua sumaku ya spika iliyokufa, ivalishe mfuko wa nailoni, halafu ipitishe taratibu kwenye udongo mkavu uliosagika. Ukiinua utaona vinywele vyeusi vimesimama kwenye nailoni. Geuza mfuko juu ya karatasi nyeupe, toa sumaku, vyote vinadondoka. Hizo ni punje za madini ya chuma, mara nyingi magnetaiti. Kuna udongo unatoa punje za kujaa kijiko na kuna mwingine unahangaika hata punje kumi hupati, na hiyo tofauti ya hapa na pale ndo tunayoihangaikia ukurasa mzima. Watu wanaotegua mabomu ya ardhini wanaijua sana kwa ubaya wake, maana kuna udongo unaopigisha kelele kifaa chao hata kama chini hakuna chuma chochote.

2. "Mwitiko wa sumaku" ni nini, na zile namba zinasomwaje?

Kifaa kinatengeneza uga mdogo wa sumaku, kisha kinapima udongo umeuitikia kiasi gani. Basi. Wataalamu wanaita saseptibiliti, mimi hapa nitasema mwitiko.

Kuna mwitiko kwa ujazo, huo hauna kipimo, ni namba tupu, na kuna mwitiko kwa uzito, huo unaandikwa mita za ujazo kwa kilo na kwa kuwa ni namba ndogo sana watu huzidisha na 10⁻⁸ pembeni. Kwa lugha hiyo udongo wa mchanga mweupe unacheza kwenye makumi au chini ya hapo, udongo uliozaliwa na basalti (mwamba mweusi wa volkano) unaingia kwenye maelfu. Ipi utumie lini, angalia swali la 11.

Kitu kimoja kinawaangusha wengi: maandishi ya zamani yanatumia mfumo wa cgs (sentimita, gramu, sekunde), sio SI, mfumo wa kimataifa wa leo. Mwitiko kwa ujazo wa cgs ukiutaka kwenye SI unazidisha kwa 4π, yaani 12.57 hivi. Ukisahau, utadhani shamba la mwenzio lina sumaku kidogo kuliko lako, kumbe ni hesabu.

3. Hayo madini yanatoka wapi?

Kwanza kwenye mwamba mama. Basalti ina magnetaiti nyingi tangu kuzaliwa, mwamba wa chokaa karibu haina kitu. Pili, udongo wenyewe unatengeneza. Ukiwa unalowa na kukauka kwa zamu, chuma kinayeyuka na kujijenga upya kuwa punje ndogo mno za magnetaiti na maghemaiti, ndo maana sehemu nyingi udongo wa juu unasoma zaidi kuliko wa chini yake. Eugène Le Borgne wa Ufaransa aliliandika hilo mwaka 1955. Tatu ni moto, maana ukiunguza udongo wenye mboji joto likapanda sana, madini ya chuma yanageuka kuwa ya sumaku kali. Nne ni vumbi na masizi ya binadamu, hiyo iko swali la 18.

4. Udongo mwekundu si ndo wenye sumaku zaidi?

Hapana, na hili linarudi kila wiki. Wekundu unatoka kwa hemataiti na unjano unatoka kwa goethaiti, na zote mbili sumaku yake ni dhaifu. Ili uone pengo lilivyo: gramu moja tu ya magnetaiti ndani ya kilo ya mchanga inasoma karibu sawa na kilo nzima ya hemataiti tupu. Kwa hiyo udongo unaweza kuwa mwekundu kama damu ya mzee na kifaa kikanuna, na mwingine wa kahawia iliyopauka ukakirusha juu.

Mara nyingi wekundu na sumaku vinatembea pamoja, hilo kweli, hasa kwenye udongo wa basalti, kwa sababu maghemaiti na hemataiti hukaa nyumba moja. Ila kutembea pamoja sio kuwa kitu kimoja.

## Mteremko na sura ya ardhi

5. Sura ya ardhi inaingiaje hapa? Si nipime tu sumaku niondoke?

Unaweza kupima na kuondoka, utakuwa na namba. Namba bila kujua imetoka sehemu gani ya mteremko ni bubu. Hamsini ya juu kilimani na hamsini ya bondeni hazisemi jambo moja: ya juu inaweza kuwa udongo mchanga uliochoka kwa mmomonyoko, ya chini inaweza kuwa udongo mzuri tu ambao maji yamekula sumaku yake.

Wazo la kwamba udongo umepangana kwenye mteremko ni la siku nyingi, na limezaliwa Afrika Mashariki. Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Tanganyika, mwaka 1935 aliupa mpangilio huo jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Kila udongo ni pete, imeshikana na ya juu yake na ya chini yake, maji yanashuka, udongo unashuka nayo, chuma kinashuka nacho. Ukiujua mnyororo unajua pete inayofuata kabla hujachimba. Sumaku inakusaidia kuona pete moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi.

6. Nikitembea kutoka juu mpaka bondeni nitaona nini kwenye kifaa?

Nikupe mfano wa kutembea na kifaa mkononi, mwamba mmoja toka juu hadi chini. Kileleni namba zimetulia, unapiga hatua kumi, hatua kumi tena, zinacheza kidogo tu. Ukianza kushuka begani mwa kilima, pale maji yanapochukua kasi, zinaanza kuyumba: hapa juu, pale chini, kwa sababu udongo wa juu umebebwa vipande vipande na wa chini umefunuka. Katikati ya mteremko zinatulia tena. Ukifika mguuni zinapanda, ule udongo wa juu uliobebwa ndo umelala hapa.

Halafu unapiga hatua chache mbele na namba inaanguka nusu, hatua nyingine nusu tena. Juu ya ardhi hakuna kilichobadilika, mazao ni yaleyale, rangi karibu ileile. Chimba sentimita 40 sasa: udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu, na harufu ya tope lililokaa. Hapo maji yanasimama sehemu ya mwaka, hewa inaisha, bakteria wanageukia chuma ili wapumue, na punje ndogo za magnetaiti ndo za kwanza kuyeyushwa. Kwa jicho ungeupita huo mpaka bila kujua. Mimi kama ningeambiwa nichague kitu kimoja sumaku inachofanya vizuri kuliko vyote, ningesema ni huo mstari wa mguuni.

7. Mbinuko na mbonyeo zina tofauti gani kwenye udongo?

Mbinuko ni ardhi iliyofura kama mgongo wa bakuli lililofunikwa, inatawanya maji. Mbonyeo ni bakuli lililokaa sawa, inakusanya. Sehemu ya kutawanya udongo wake huwa wa aina moja eneo kubwa, au umechakaa kwa namna moja. Sehemu ya kukusanya inapokea vya watu, kila mvua inaleta chake, kwa hiyo udongo unabadilika ndani ya hatua chache.

Kule Brazil, kwenye mashamba ya miwa ya São Paulo, watafiti wamefanya sana kazi hii ya kugawa mteremko kwa sura kisha kupima mwitiko ndani ya kila kipande. Eneo lenyewe linafaa, maana basalti na jiwe mchanga vinakutana, na kwenye mkutano huo sumaku haidanganyi.

8. Kwa hiyo sheria ni kwamba sumaku kubwa ni udongo mzuri, sumaku ndogo ni mbaya?

Jamani hapana. Hakuna sheria moja, na anayekupa moja amepima shamba moja.

Angalia mmomonyoko. Kama sumaku imejaa udongo wa juu, ukimomonyoka namba inashuka. Ila kama mwamba wa chini una magnetaiti nene, ya asili, mmomonyoko unaifunua na namba inapanda. Tendo lilelile, mishale miwili inayopingana. Kwenye vumbi la kale lililorundikwa na upepo, huko China matabaka yaliyogeuka kuwa udongo yanasoma zaidi ya vumbi lenyewe, huko Siberia na Alaska ni kinyume kabisa. Kwa hiyo kila eneo unachimba mashimo machache, unaangalia kwa macho, ndo unajua mshale wa kwako unaelekea wapi.

9. Lazima nipime mwinuko mwenyewe? Sina vifaa vya upimaji.

Sio lazima. Data ya mwinuko ya SRTM, iliyochukuliwa kwa rada kutoka angani Februari 2000, iko bure kwa vipande vya mita 30, na ya Copernicus, mpango wa satelaiti wa Ulaya, ya mita 30 pia iko bure na kwa kawaida ni safi zaidi. Unafungua QGIS, programu ya bure ya ramani, unatoa mteremko, mbinuko na mbonyeo, na kile kipimo cha unyevu wa ardhi kinachotumia eneo linalomwaga maji juu yako ukigawanya kwa mteremko. GRASS, programu nyingine ya bure ya ramani, ina zana ya jiomofoni ambayo inaitazama kila pikseli pande nane na kuipa jina kati ya sura kumi: kilele, mgongo, bega, mguu, bonde na kadhalika.

Ila mita 30 ni kubwa. Shamba la mita 100 kwa 100 lina pikseli kumi na moja hivi, hapo hakuna sura ya ardhi, kuna mosaiki. Kwa eneo dogo bora droni, au utembee mwenyewe ukiandika kwenye daftari "bega", "mguu", "mkondo wa maji". Daftari halijawahi kunidanganya kwa mita 30.

## Kupima

10. Nitumie kifaa gani?

Kwa juu ya ardhi kuna sensa ya duara inayolazwa chini, kuna kidogo cha mkononi kinachotumiwa sana na watu wa miamba, na kuna fimbo ya kuingiza kwenye shimo ili usome kwa kina. Maabara kuna sensa ya kuweka kikopo cha mililita 10 hivi.

Sensa ya duara inasoma juu juu sana, nguvu yake kubwa iko kwenye sentimita chache za mwanzo na ukifika 10 imeshaisha. Maana yake ukiilaza juu ya majani ya sentimita mbili umeshapoteza sehemu kubwa ya ishara, halafu utaandika kwamba udongo una sumaku ndogo, kumbe umepima majani. Fagia mpaka udongo uonekane, sawazisha, bonyeza.

11. Nipime kwa ujazo au kwa uzito? Na udongo ukiwa umelowa?

Shambani utapata kwa ujazo tu, hilo halina mjadala. Shida yake ni kwamba udongo uliolimwa jana una matundu, uliokanyagwa na trekta umebana, na kifaa hakijui hayo, kinahesabu madini yaliyomo kwenye nafasi iliyo mbele yake. Kwa hiyo usilinganishe tuta na njia ya matairi.

Maji yenyewe karibu hayana kitu, yana mwitiko hasi mdogo mno. Kinachokusumbua ni kwamba yanachukua nafasi, na kwenye udongo wa mfinyanzi yanauvimbisha, hivyo madini yanapungua kwa kila ujazo. Pima siku moja, hali moja ya hewa, ikishindikana basi chukua sampuli, kausha kivulini, chekecha kwenye tundu za milimita 2, pima maabara kwa uzito. Usikaushe kwa moto mkali tafadhali, sababu iko swali la 3.

12. Namba zangu zinarukaruka hata nikipima palepale. Kosa nini?

Kabla ya kulaumu kifaa jikague wewe. Mimi niliwahi kupoteza asubuhi nzima, kila nikipiga hatua namba inakuja ya ajabu, nikaanza kujenga nadharia kabisa ya mshipa wa mwamba uliopita hapo, kumbe nimevaa buti zenye chuma puani na nilikuwa nimeegemeza sensa karibu na mguu wangu. Simu, mkanda wenye bizimu ya chuma, funguo, keekee ya udongo iliyochomekwa pembeni, vyote viweke mbali.

Likiisha hilo, kuna joto. Sensa iliyotoka kwenye gari la baridi ikaingia juani inahama sifuri polepole. Dawa yake ni kusoma hewani kwanza, kusoma udongo, kusoma hewani tena, halafu unatoa wastani wa hewa mbili kutoka kwenye namba ya udongo. Hewa mbili zikitofautiana sana, rudia. Na pale pale pima mara tatu ukisogeza kidogo, andika zote, usiandike ile uliyoipenda.

13. Pointi ngapi zinatosha?

Inategemea unataka nini. Ukitaka kujua tu mpaka wa udongo uko wapi, mistari miwili au mitatu ya kushuka mteremko, pointi kila mita 10, inakutosha. Ukitaka ramani ya kukokotoa kitakwimu (swali la 14), wengi wanasema chini ya pointi 100 usijisumbue, na mimi nakubaliana nao. Uzuri ni kwamba pointi moja ya sumaku ni nusu dakika, kwa hiyo 100 sio mzigo kama 100 za maabara.

Usizitawanye sawa kila mahali kama karanga. Bega na mguu wa mteremko vipewe nyingi, katikati iliyotulia ipewe chache, na pointi kadhaa ziwekwe karibu karibu sana, mita moja au mbili, ili ujue udongo unabadilika kiasi gani kwa umbali mdogo.

## Kutoka namba hadi ramani

14. Namba ninazo, ramani naichoraje?

Kwanza tazama pointi zenyewe kwa rangi juu ya ramani ya mteremko, bila hesabu yoyote. Dakika kumi za kutazama. Ukiona rangi zinafuata sura ya ardhi uko pazuri, usipoona usikimbilie programu ikutengenezee picha nzuri, maana itakutengenezea hata kama hakuna kitu.

Kisha variogramu: grafu inayoonyesha pointi zinavyozidi kutofautiana kadri zinavyoachana. Inapanda, halafu inakuwa tambarare. Umbali ule inapolala ndo upana wa uhusiano, zaidi ya hapo jirani hamjui jirani. Kule inapoanzia juu ya sifuri kunaitwa nageti, ni kelele za karibu na makosa ya kupima. Kuna kipimo cha haraka kinachotumika sana: nageti ikiwa chini ya asilimia 25 ya kimo chote uhusiano ni mkali, 25 hadi 75 wa kati, juu ya 75 hafifu. Ikiwa hafifu, krigingi itakupa uji.

Krigingi ndo inayojaza kati ya pointi kwa kutumia hiyo variogramu, na imeitwa kwa jina la Danie Krige wa Afrika Kusini aliyekuwa anakadiria dhahabu migodini. Kwenye ardhi ya mteremko mimi napenda kuingiza sura ya ardhi humohumo, yaani kwanza unakadiria mwitiko kutokana na mteremko, mbonyeo na unyevu, kisha unafanyia krigingi mabaki, yaani tofauti kati ya ulichokadiria na ulichopima. Mpaka wa mguuni unatoka mkali, haulainishwi kama jibini iliyoyeyuka.

15. Ramani hiyo inaniambia rotuba? Nitie mbolea kwa kuifuata?

Sumaku haioni naitrojeni. Haioni asidi wala potasi. Inaona madini fulani ya chuma, na pale ambapo madini hayo yanatembea pamoja na kitu kingine, unapata hicho kingine kwa mgongo. Mfinyanzi hutembea nayo kwenye udongo wa basalti. Fosforasi kung'ang'aniwa na udongo kunaweza kutembea nayo pia, kwa sababu wanaong'ang'ania ni hemataiti na goethaiti, ndugu wa nyumba ileile niliyosema swali la 4. Lakini uhusiano huo unaujenga kwa sampuli zako, kwenye mwamba wako.

Matumizi sahihi: ramani ikugawie shamba kanda tatu au nne, kila kanda chukua sampuli za kwenda maabara, mbolea iamuliwe na majibu ya maabara. Unapunguza sampuli, huzifuti.

## Matukio ya pembeni

16. Pointi moja tu imeruka mara kumi, nifute?

Usifute kabla hujafukua. Nimekuta msumari, kipande cha jembe, na mara moja sehemu ya zamani ya kuchomea mkaa, duara la mita nne hivi, juu halionekani kabisa. Msumari futa. Tanuri usifute, ni udongo tofauti kweli, ila usiliache litawale variogramu, lifunike wakati wa hesabu kisha lirudishe kwenye ramani kama doa. Kichuguu kilichosawazishwa nacho kinaweza kujitokeza, juu au chini kutegemea mchwa wamepandisha udongo wa kina gani.

17. Shamba langu ni tambarare kabisa, mteremko sina.

Tambarare ya macho sio tambarare ya maji. Sentimita 50 za mbonyeo zinatosha kusimamisha maji, na data ya mita 30 haiwezi kuziona. Hapa kazi inageuka: sumaku ndo inakuonyesha sura ya ardhi. Kwenye nyanda za mto utaona mikondo ya zamani iliyofukiwa, inajichora kama nyoka.

18. Niko karibu na barabara kubwa au kiwanda.

Masizi ya makaa ya mawe na vumbi la viwanda vya chuma vina punje za magnetaiti, zinatua juu na kukaa sentimita chache za kwanza. Pima juu, kisha kwa fimbo pima sentimita 20 hadi 30. Juu ikiwa kubwa sana na inapungua kadri unavyoachana na barabara bila kujali mteremko, hiyo ni barabara. Tumia za chini kwa ramani. Kama shamba limelimwa miaka mingi, plau imeshavichanganya, inakuwa ngumu kidogo.

19. Kupima kwa masafa mawili kunasaidia nini?

Masafa hapa sio umbali, ni kasi ya uga wa kifaa kugeuka: maabara sampuli ileile inapimwa kwa hezi 470 hivi, yaani mara 470 kwa sekunde, na tena kwa mara kumi yake. Punje ndogo sana, chini ya mikromita 0.03 hivi, zinaitikia ya chini na kuchelewa kwenye ya juu. Tofauti ikiwa chini ya asilimia 2, punje hizo karibu hazipo, sumaku yako ni ya mwamba. Ikikaribia 10 au zaidi, udongo wenyewe umeitengeneza. Ikipita 14 pima upya, kuna kosa. Kwenye sampuli dhaifu tofauti hii haina maana, unagawanya kelele kwa kelele.

20. Nimepata namba hasi. Kifaa kibovu?

Inawezekana iko sawa. Kwatzi, chokaa, maji na mboji vyote vina mwitiko hasi kidogo, kwa hiyo mchanga mweupe uliooshwa au udongo wa kinamasi uliojaa mboji unaweza kusoma chini ya sifuri kihalali kabisa. Ila namba iwe hasi ndogo, karibu na sifuri. Kama uko kwenye udongo wa basalti na bado unaona hasi, hapo kifaa kimehama sifuri, rudi swali la 12, na uanze na buti.